Ree na Sita

Tarishi Watson alifika Jumatatu kabla umande haujakauka, akasimama nje ya ua wa Nesta, akakohoa kile kikohozi chake cha kiserikali ambacho Hasamba nzima ilikwisha kukizoea. Alikuwa mtu mwembamba, kaptula ya kaki imempwaya, na kofia yake nyekundu aliipenda kuliko wanawe. Nesta alimfutia kigoda kwa kitenge, akamkaribisha. Watson hakukaa. Mtu mwenye habari mbaya akikaa huonekana kama amekuja kula, ingawa huyu kula alikula vilevile, kama mtakavyoona.

Alisema vita vya Wazungu vimekula kamba. Mkonge ndio kamba, kamba ndiyo meli, meli ndiyo vita. Aliyasema haya kwa mdundo, maana alikwisha kuyasema nyumba kumi na mbili tangu alfajiri. Sasa boma linataka watu wa mkonge huko Tanga, na kila nyumba yenye wanaume wawili wazima itoe mmoja. Jumbe hataki lawama, kwa hiyo jumbe hatamtaja mtu. Nyumba itaje yenyewe. Baba akiwapo atataja baba, na kama baba amelala makaburini, kama wa nyumba hii, atataja mama. Jina lifike kwa jumbe Alhamisi jioni, na lori litasimama barabara kuu Ijumaa asubuhi.

Luka, mtoto wa mwisho wa Nesta, aliyekuwa ameegemea nguzo ya ghala akitafuna ubua, akauliza kama kuuliza hali ya hewa: je, mtu akiamka usiku akavuka mpaka pale Tunduma, akaenda zake kwa Wabemba? Watson akamjibu bila kumtazama. Atachukuliwa aliyebaki, pamoja na ng'ombe wawili. Kisha akamsifia jogoo wa Nesta, akamsifia tena, na alipoondoka jogoo alikuwa kwapani mwake. Hakumwomba. Alimsifia tu.

Nesta alibaki amekishika kitenge chake mkononi. Tangu siku ile ukungu wa mwezi wa sita ulishuka juu ya Hasamba ukakaa, na yeye akawa kama mtu anayetembea ndani ya maziwa. Akienda kisimani anajikuta amefika na hakumbuki njia. Akichochea uji anasahau anachochea nini.

Sasa, kusema kweli, hapakuwa na kitu cha kufikiri. Kijiji kizima kilijua nani aende, na mbuzi wa kijiji wangeweza kusema kama wangeulizwa. Efraimu, mkubwa, alikuwa na mke, Elina, na mtoto wa miezi mitatu mgongoni mwa huyo mke. Luka alikuwa hana mke wala mchumba wala hata kuku wa kwake. Asiye na mke ndiye huenda. Nyumba zote za jirani zilikwisha kutaja hivyo, zikalia kidogo, zikaenda shamba.

Nesta hakutaja. Jumatatu ikapita, Jumanne ikaingia.

Ukimuuliza angekwambia anawapenda wote sawa, na angeapa, na asingekuwa anadanganya kwa makusudi. Efraimu alikuwa mtu wa kutegemewa. Aliporudi kutoka migodi ya Nkana alirudi na mablanketi manne, akampa mama yake matatu. Hasemi sana, hachelewi, haugui. Mtu wa namna hiyo humwoni mpaka siku moja akosekane. Lakini Luka! Luka alirudi Pasaka kutoka Luanshya mikono mitupu, kofia upande, na mdomo umejaa maneno ya Kibemba, akamwinua mama yake juu mbele za watu kama gunia la ulezi, naye Nesta akacheka mpaka ushungi ukamwanguka. Kitindamimba ni kitindamimba. Anaondoka na kitasa cha tumbo, wasemavyo akina mama, na huko nyuma mlango haufungi vizuri tena.

Jumanne mchana Elina alimfuata mkwewe jikoni, akapiga magoti kwa heshima, na kwa heshima hiyohiyo akamwambia linalomkaa rohoni. Alisema: Mama, sisi hatutaki ugomvi, lakini mimi nina mtoto mchanga, na shemeji hana mtu. Watu wanauliza kwa nini nyumba hii inachelewa. Nesta alimjibu kwamba amesikia. Elina akasubiri, akaona hakuna linaloongezwa, akainuka akafuta magoti.

*

Huo ukungu uliwafungia ndugu wawili ndani. Jumanne jioni, kabla ya ugali, waliketi jikoni kwa mama yao, katikati yao mtungi uliopinduliwa, wakacheza karata za Luka kwa kushindania maharage. Nesta alikuwa anapepeta ulezi pembeni. Kwake karata zilikuwa kitu cha dhambi, wazee wa kanisa walikwisha kusema, lakini wiki ile hakuwa na nguvu ya kumfukuza shetani aliyeleta kicheko.

Mchezo wenyewe waliuita ishirini na moja. Kila mtu anapewa karata mbili, anajumlisha, anavuta nyingine akitaka, na shabaha ni kuikaribia ishirini na moja bila kuipita. Ukiipita umepasuka. Karata zenye picha za watu huitwa wazungu, na kila mzungu ni kumi. Anayegawa hucheza na wengine mmoja mmoja, naye ndiye wa mwisho kuvuta.

Luka ndiye aliyekuwa akigawa. Efraimu alikuwa amekaa kwenye kumi na tano, havuti tena, ametulia. Luka akafunua zake: kumi na sita. Alikuwa amekwisha kushinda, kila mtu aliona. Moja zaidi ya kaka yake. Lakini akavuta karata nyingine, ikatoka nane, akapasuka, akasukuma maharage kwa Efraimu huku analaani kwa Kibemba.

Nesta akaacha kupepeta. "Kwa nini umevuta nawe ulikuwa umeshinda?"

Luka akacheka. Akamweleza kwamba mchezaji hufanya apendavyo, lakini mgawaji hana hiari. Akiwa na kumi na sita au chini yake, ni lazima avute, hata kama ameshinda. Akifika kumi na saba, ni lazima akae, hata kama ameshindwa na anaona kwa macho yake. Ndiyo sheria. Ndiyo maana watu hukubali kucheza naye.

"Kwa hiyo mgawaji halaumiwi," alisema Nesta.

"Alaumiwe kwa lipi, Mama? Si yeye. Ni karata."

Nesta aliirudia kauli hiyo rohoni, akaionja. Mtu ana kitu mikononi, anakitoa yeye mwenyewe, na bado si yeye. Ilimpendeza kama maji ya moto kwenye miguu iliyochoka. Aliuweka ungo chini, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuagiza chumvi, kwamba wamfundishe kugawa. Alhamisi atagawa yeye. Atakayeshindwa na mgawaji peke yake ndiye ataenda mkonge. Wakishindwa wote au wakishinda wote, anagawa tena.

Luka alikaa na maharage mkononi. Kwa mtu ambaye alikuwa aende moja kwa moja, ule ulikuwa mlango, naye hakujua kama ni adabu kuuingia. Akamtazama kaka yake.

Malalamiko yalitoka kwa Elina, aliyekuwa amesimama kizingitini na mtoto. Hakupaza sauti, maana si desturi kumpazia mkwe sauti, lakini alisema na ukuta, na ukuta ukasikia: kwamba mume wa mtu achezewe karata kama maharage! Kwamba asiye na mke anajulikana, na sasa mwenye mke anavutwa naye aingizwe kwenye mtungi!

Efraimu alimwacha amalize. Kisha akasema maneno mengi kuliko aliyoyasema tangu mavuno.

"Elina, umesema kweli yote. Lakini Mama akimtaja Luka kwa kinywa chake, akafia huko, atakula na jina hilo, atalala nalo. Afadhali mimi nishindwe na karata."

Elina aliingia kwake. Nesta alimwangalia mwanawe mkubwa, akamwona mwema, akamshukuru Mungu kwa ajili yake. Akarudi kwenye ulezi.

*

Jumatano kutwa alijifunza. Luka alikuwa mwalimu wa mzaha, Efraimu mwalimu wa kurudia. Walimfundisha kuchanga, kukata, kutoa karata kutoka juu bila kuzichungulia. Wachezaji zao ziwe wazi zote, mgawaji moja wazi na moja kifudifudi. Walimfundisha majina: kopa, uru, shupaza, pau. Walimfundisha ree, ile yenye alama moja tu katikati, kwamba ina sura mbili: ukitaka ni moja, ukitaka ni kumi na moja, kadiri inavyokufaa. Nesta aliuliza, inamfaa nani? Mwenye kuishika, wakamwambia, wakaenda kwenye jingine.

Vidole vyake vya jembe vilikuwa vizito mwanzoni, lakini mchana vikalainika. Alishangaa alivyoipenda kazi ile. Kumi na mbili, vuta. Kumi na tano, vuta. Kumi na tisa, kaa. Hakuna anayekuuliza unampenda nani. Alipojinyoosha kidogo baada ya chakula aliota amekaa juu ya ukungu, hakuna ardhi chini wala kilima, na mikono miwili isiyo yake inatoka mbele yake inagawa, inagawa, na wanaopewa hawana nyuso, na yeye ametulia kama mtoto aliyeshiba. Alipoamka alisikitika kuamka.

Kitabu cha nyimbo alikihamishia chumbani, akakifunika kwa nguo, kisione.

Jirani mmoja alipita kuomba moto, akaona kuchanga kwa karata kutoka mlangoni, akaondoka bila moto. Kabla jua halijazama kisima chote kilijua kwamba mjane Nesta anafundishwa kamari na wanawe wakati wenzake wanafunga mizigo. Elina alipokwenda kuteka maji walimpisha mbele, wote, bila mtu kumsalimia. Alirudi na maji yake akayatua bila neno. Kupishwa kule kulimuuma kuliko kutukanwa.

*

Alhamisi baada ya chakula cha mchana Nesta alifagia jikoni, akatandika mkeka, akapindua mtungi. Ukungu ulikuwa umeegemea mlango kama ng'ombe anayetaka kuingia. Efraimu alikaa kulia, Luka kushoto. Elina hakuitwa, akaja, akakaa nyuma ya mumewe na mtoto ananyonya.

Nesta akachanga. Efraimu akakata. Nesta akagawa.

Mara ya kwanza Efraimu alipata ishirini, Luka kumi na tisa. Wote wakakaa. Nesta alikuwa na kumi na tatu. Akavuta, tatu: kumi na sita. Mkono ukaenda wenyewe, akavuta tena, mzungu, akapasuka. Wote wameshinda. Alizikusanya karata bila hofu. Aliona raha ileile ya ndoto, kwamba mambo yanapita kupitia kwake kama maji kwenye mfereji, na mfereji hauulizwi.

Mara ya pili Efraimu alipewa mzungu na nane. Kumi na nane. Akaweka viganja chini kuonyesha amekaa. Luka alipewa tisa na tano. Kumi na nne si kitu cha kukaa nacho, Nesta hata yeye alikwisha kujua hivyo. Lakini karata ya wazi ya mgawaji ilikuwa sita.

Luka aliitazama ile sita kwa muda mrefu. Alieleza polepole, kana kwamba anamfundisha mtu, kwamba mgawaji mwenye sita ni mgawaji mgonjwa. Wazungu ndio wengi kwenye karata. Kwa kawaida aliyelala kifudifudi chini yake ni mzungu, hapo inakuwa kumi na sita, na sheria inamlazimisha kuvuta, na akivuta mara nyingi anapasuka. Kwa hiyo yeye hatavuta. Atakaa na kumi na nne yake amngoje mgawaji ajiangushe. Akaweka viganja chini. Kisha akavikalia.

Nesta akaifunua karata iliyolala.

Ilikuwa ree.

Alihesabu kama alivyofundishwa. Kumi na moja na sita. Kumi na saba. Akifika kumi na saba mgawaji hukaa. Kumi na saba imeshindwa na kumi na nane ya Efraimu, na imeishinda kumi na nne ya Luka. Imekwisha. Alisubiri ile raha ije.

"Vuta, Mama," alisema Luka.

Efraimu akainua kichwa. "Avute nini? Ni kumi na saba."

Luka akasema si kumi na saba, ni saba. Kule Luanshya mgawaji akiwa na ree na sita huvuta, kwa sababu ree bado haijafungwa, inaweza kugeuka moja, na mtu mwenye saba hajafika popote. Efraimu akasema hajapata kusikia jambo hilo. Nkana, miaka minne, kila Jumamosi, mgawaji akiwa na ree na sita alikaa. Kumi na saba ni kumi na saba, haiulizwi imetoka wapi.

Hawakupandishiana sauti. Laiti wangepandishiana, Nesta angewakemea wote wawili na kupumua. Lakini aliwajua wanawe. Aliwatazama machoni, huyu na huyu, akaona kila mmoja anasema kweli ya kwao alikojifunza. Kambi mbili za migodi, siku mbili za mwendo kati yake, zilikuwa zimeelewana juu ya kila kitu katika mchezo huu isipokuwa hiki kimoja, na kwa siku zote mbili za maharage hakikuwahi kutokea.

"Basi tusemeje?" aliuliza Nesta.

Elina alimwondoa mtoto kwenye ziwa, akamweka begani, akakaza macho kwenye mikono ya mkwewe.

"Mgawaji ndiye anayeishika," alisema Efraimu mwishowe, kwa upole, akiangalia mtungi. "Sema wewe, Mama."

Ndipo Nesta alipoona kwamba amerudishwa palepale alipokuwa Jumatatu. Alikuwa amezunguka mlima mzima kumkimbia mnyama, na mnyama amekaa mlangoni anamngoja. Akikaa, Luka anakwenda, na mwenye mke na mtoto amepona, kama kijiji kisemavyo, kama haki isemavyo. Akivuta, chochote chaweza kutoka. Akipasuka wote wameshinda, akipanda sana wote wameshindwa, na kwa yote mawili mchezo unaanza upya, na Efraimu aliyekwisha kuokoka anarudi mtunguni kuchezewa tena. Hakuna karata iliyoweza kumpeleka Efraimu peke yake wakati huo. Ila ilikuwepo njia ya kumwondoa mahali salama alipofika, na njia hiyo ilikuwa chini ya kidole chake.

Alitaka kuomba, lakini alikumbuka kitabu kiko chumbani chini ya nguo. Alitaka mikono ile ya ndotoni, isiyo yake. Akaitazama mikono iliyokuwepo: kovu la mundu, kucha za udongo. Yake kabisa.

Akavuta.

Elina alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba, akanyamaza. Efraimu hakusogea, utulivu wake ulibadilika tu, kama nyumba inavyobadilika moto ukizimika, ingawa kuta ni zilezile.

Nesta akaigeuza. Mtu mwenye taji, ndevu na upanga. Mfalme, yule aitwaye mzungu wa nne.

Wakahesabu wote bila kutamka. Ree haiwezi kuwa kumi na moja tena, ingempasua. Sasa ni moja. Moja na sita, saba. Saba na kumi, kumi na saba. Na hii haikuwa na ubishi Nkana wala Luanshya wala mbinguni. Ilikuwa kumi na saba ileile aliyokuwa nayo kabla hajavuta.

Luka ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kifupi. "Mzungu kaja kunichukua mwenyewe," alisema. Akaokota zile karata moja moja, akazilinganisha, akazifunga kwa uzi wake. Alimtazama mama yake kwa macho ambayo Nesta alikuwa hajayaona tangu alipomwachisha ziwa, na Nesta akajifanya anatafuta kitu kwenye mkeka.

Jioni ile Efraimu alikwenda kwa jumbe yeye mwenyewe kupeleka jina la mdogo wake, maana mtu lazima alipeleke.

*

Ijumaa lori lilikuwa na watu tayari, wamekaa wima kama viazi vilivyopandwa, na Watson anawahesabu kwa fimbo. Luka alikuwa na blanketi moja, la kaka yake. Efraimu alimbebea mzigo mpaka barabarani, wakaagana kwa mikono miwili, wakagusana mabega, na mtu asiyejua angesema hakuna kilichopita kati yao. Wala hakikupita kati yao.

Luka alimwinamia mama yake sikioni. "Ulivuta," alinong'ona. "Mimi inanitosha, Mama. Nitakwenda nayo mpaka Tanga." Akapanda, kofia upande. Lori lilipokohoa na kuondoka alikuwa anamwambia mwenzake jambo, na mwenzake anacheka. Nesta alisimama mpaka ukungu ukalimeza lori, kisha sauti yake, kisha hata harufu yake.

Alirudi nyumbani akidhani atalia. Alitayarisha nafasi ya kulia, akafunga mlango. Machozi hayakuja, kwa sababu Elina alikuja. Alileta chakula cha mkwe kwenye bakuli, kama alivyoleta kila siku tangu aolewe, lakini hakuingia nacho. Alikitua kizingitini, akabisha mara moja, akaondoka. Alipotoka kukichukua Nesta aliona kimefunikwa vizuri, mboga nzuri, chumvi ya kutosha, hakuna kilichopungua. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu hivyohivyo. Kisimani walianza kumsalimia Elina tena, wakimpa pole kwa safari ya shemeji, naye akapokea pole zote kwa adabu.

Efraimu hakubadilika. Alitengeneza paa la mama yake palipovuja. Alimletea chumvi kutoka Tunduma. Alimsalimu asubuhi na jioni. Nesta alikuwa akimtazama anavyofanya kazi na kuona, kwa mara ya kwanza labda, jinsi mgongo wake ulivyofanana na wa marehemu baba yake, na jinsi alivyokuwa mtu mzuri wa kutazama. Alitaka kumwita akae. Lakini ungemwita mtu umwambie nini?

Siku ya tisa ukungu ulipanda, vilima vya Ileje vikaonekana upande wa kusini, vimeoshwa. Efraimu alikuwa anakwenda shamba. Alipita uani kwa mama yake, akasalimu, akaitikiwa, akapiga hatua mbili, akasimama. Aliongea bila kugeuka.

"Kama kumi na nne ingekuwa yangu, Mama. Na kumi na nane ya Luka. Ungevuta?"

Nesta alikuwa amekaa chini anachambua mbegu. Jibu lilikuwa neno moja, jepesi, kila mama analo. Lilifika mpaka kwenye meno. Lakini yeye, aliyemchezea mwanawe karata, aliyemficha Mungu chini ya nguo, alijikuta wakati huohuo hawezi kusema uongo, naye akauchukia uaminifu wake uliokuja kwa kuchelewa hivyo.

"Sijui, mwanangu."

Efraimu alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia.

"Ungeniongopea tu, Mama," alisema. "Nisingeuliza mara ya pili."

Akaliweka jembe begani, akateremka. Nesta alibaki na mbegu mapajani. Alianza kulisema neno lile, kwa sauti ndogo kwanza, likamkwama, akalirudia. Ningevuta. Ningevuta, mwanangu. Alilisema mpaka likatoka lote bila kukatika, laini, la kuaminika kabisa, na alipoinuka mbegu zikimwagika kumwita, Efraimu alikuwa amekwisha kuvuka kijito.